Dar es Salaam hadi Guangzhou: moja kwa moja, Nairobi, Addis Ababa au Ghuba?

Shangazi yangu ana duka la mabegi Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Kila anapojiandaa kwenda kuchukua mzigo Guangzhou hunipigia simu na swali lile lile: "Mwanangu, safari hii nipite wapi?" Nimemjibu mara nyingi, kwa simu, kwa ujumbe wa sauti, hata juu ya karatasi ya risiti. Leo naandika yote pamoja, kwa ajili yake na kwa yeyote anayefunga safari hiyo kwa mara ya kwanza.

Huwa namwambia kwanza kwamba kwenda na kurudi ni safari mbili tofauti. Unakwenda mwepesi, begi tupu ndani ya begi tupu, na kinachokugharimu ni muda. Unarudi umejaa sampuli na mzigo wa haraka, na kinachokugharimu ni kilo. Wengi hulinganisha tiketi kwa kutazama upande wa kwenda peke yake, kisha wanakuja kulia kwenye mizani ya uwanja wa Baiyun, ule wa ndege wa Guangzhou.

Tuanze na umbali. Nimeupima kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Baiyun. Ndege halisi huzidisha kidogo, kwa sababu hukwepa dhoruba na anga zilizofungwa. Saa zilizopo ni za kuwa ndani ya ndege tu, upande wa kwenda, kwa makadirio, bila kungoja kokote.

| Njia | Kipande cha kwanza (km) | Kipande cha pili (km) | Jumla (km) | Saa ndani ya ndege |
|---|---|---|---|---|
| Moja kwa moja | 8,710 | – | 8,710 | kama 11 |
| Kupitia Nairobi | 670 | 8,680 | 9,350 | kama 12 na nusu |
| Kupitia Addis Ababa | 1,760 | 8,040 | 9,800 | kama 13 |
| Kupitia Dubai | 3,980 | 5,830 | 9,810 | kama 13 |
| Kupitia Doha | 3,820 | 6,200 | 10,020 | kama 13 na nusu |
| Kupitia Istanbul | 5,460 | 7,880 | 13,340 | kama 17 |

Tazama Addis Ababa na Dubai. Ukiwauliza watu kumi, wengi watakwambia Dubai ni mzunguko na Addis ndiyo njia ya mkato. Kwa kilomita ziko sawa kabisa. Addis iko karibu nasi, lakini ikishakuvuta kaskazini bado inakuachia kilomita 8,000 za kuelekea mashariki. Dubai inakupeleka mbali zaidi kwanza, ila katika umbali huo umeshaanza kusogea upande wa China. Tofauti ya Doha na njia ya moja kwa moja nayo ni kilomita 1,300 tu, na ndege kubwa inayokwenda karibu kilomita 900 kwa saa inazimaliza kwa saa moja na nusu, ukiacha muda wa kutua na kuruka tena. Istanbul pekee ndiyo iliyo nje ya mstari kweli, kwa kilomita 4,600 za ziada. Ni njia ya kufikiria ukiwa na shughuli Uturuki, na wauza nguo wengi wanazo, lakini kwa anayetaka Guangzhou peke yake siipendekezi hata tiketi ikishuka bei.

Kwa hiyo kilomita hazitakusaidia sana kuchagua. Saa mbili au mbili na nusu za ziada ndani ya ndege si kitu mbele ya saa tisa za kulala kwenye viti vya chuma uwanjani. Njia hizi zinatofautiana kwenye kungoja, kwenye saa utakayotua, na kwenye kilo utakazoruhusiwa kurudi nazo.

Kuna jambo moja kuhusu mstari wa moja kwa moja ambalo hunigusa kila ninapotazama ramani. Nusu kamili ya njia ya Dar hadi Guangzhou inaangukia baharini, karibu na pwani ya Malabar, kusini-magharibi mwa India. Ndiyo pwani ile ile ambayo majahazi yetu yalikwenda na kurudi kwa pepo za kusi na kaskazi kwa karne nyingi. Mwaka 1415 wajumbe kutoka Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga. Safari yao ilisubiri misimu ya upepo. Mfanyabiashara wa leo anapita juu ya maji hayo hayo amelala, blanketi usoni.

Na upepo bado una kauli. Juu kabisa, ndege inapotembea, kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na unakuwa na nguvu zaidi kati ya Desemba na Machi. Ukienda China unakusukuma, ukirudi unakupinga. Njia za Ghuba ndizo zinazouonja zaidi, kwa sababu zinapita katika ukanda ambao upepo huo hupenda kukaa. Dubai hadi Guangzhou ni kama saa saba na robo, lakini Guangzhou hadi Dubai inaweza kufika saa nane na nusu. Basi ukiona tiketi ya kurudi ina muda mfupi wa kuunganisha, saa moja na dakika chache, kumbuka kwamba upande huo ndio wenye upepo wa mbele.

Sasa suala la saa, maana hapa ndipo nimeona watu wazima na akili zao wakikosa ndege. Tiketi inasoma kwa mtindo wa saa 24 na inabadili tarehe usiku wa manane. Sisi tunahesabu kuanzia alfajiri na jioni. Tiketi ikisema Jumanne 03:30, hiyo ni saa tisa na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, na wewe unatakiwa uwe uwanjani Jumatatu usiku, kabla ya saa saba. Nimeshuhudia mama mmoja akifika Jumanne usiku, mabegi yamefungwa vizuri kwa kamba, anaambiwa ndege yake iliondoka jana. Iandike saa ya tiketi kwa Kiswahili kwenye karatasi, na mbele yake uandike "usiku wa kuamkia" siku gani.

China iko mbele yetu kwa saa tano, mwaka mzima, na nchi nzima inatumia saa moja. Tuseme ndege inaruka Dar saa kumi na moja jioni. Guangzhou wakati huo ni saa nne usiku. Ongeza saa 11, unatua saa tatu asubuhi. Tuseme badala yake unaruka Addis Ababa saa tano usiku, saa za kwetu na za Addis zikiwa sawa. Guangzhou ni saa kumi alfajiri. Ongeza saa kumi na robo, unatua saa nane na robo mchana. Hesabu hii ifanye kwa tiketi yoyote kabla ya kulipa, kwa sababu masoko ya jumla ya nguo kule Guangzhou huamka mapema sana, na soko kama Shahe linaanza kabla ya jua kuchomoza na kufunga mapema. Anayetua mchana, akapita uhamiaji, akafika hotelini jioni, siku hiyo imekwenda na hoteli ameilipia. Anayetua saa tatu asubuhi anaweza kuoga, kula, na bado akapita Sanyuanli, kwenye masoko ya mabegi, kabla ya jioni.

Ndiyo maana ndege ya moja kwa moja, kwa upande wa kwenda, naiweka juu ya zote pale inapokuwepo. Air Tanzania inatumia Boeing 787-8 yenye viti 262, ndege inayoimeza njia hii bila shida. Hakuna kushuka, hakuna begi kupotelea katikati, na mhudumu anakuelewa ukimwambia "naomba maji". Kwa mtu wa mara ya kwanza, au mzee, hilo lina thamani kubwa. Lakini nasema "pale inapokuwepo" kwa makusudi. Haitoki kila siku, na shirika lina ndege chache za aina hiyo. Injini zake, Trent 1000 za Rolls-Royce, zimeyasumbua mashirika mengi duniani na kuziweka ndege chini kwa matengenezo. Ndege moja ikilala, ratiba inayumba. Thibitisha ratiba ya mwezi wako, thibitisha tena wiki ya safari, na usipange miadi ya kiwandani asubuhi ile ile unayotua.

Addis Ababa ndiyo njia ya wengi, na sababu ni nzuri. Ethiopian Airlines hukusanya ndege za Afrika jioni pale Bole, uwanja wa Addis, kisha huziachia za Asia usiku, kwa hiyo mara nyingi hungoji sana. Mtu wa Arusha au Moshi anapandia Kilimanjaro moja kwa moja hadi Addis bila kushuka Dar, na wa Zanzibar vivyo hivyo. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali nao hukutana hapo hapo. Ukikaa kwenye kile chumba cha kungojea ndege ya Guangzhou utasikia Kiswahili cha kila namna, cha Kariakoo, cha Bujumbura, cha Katanga, na bei za masoko zikitajwa kwa sauti. Nimejifunza mengi ya biashara pale kuliko kwenye semina yoyote. Beba sweta. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake si wa mtu aliyetoka Dar na fulana.

Nairobi kwa kilomita ndiyo fupi kuliko zote za kuunganisha. Kuna Kenya Airways, na China Southern nayo ilifungua njia ya Nairobi na Guangzhou mwaka 2015. Faida yake kubwa haionekani kwenye tiketi: Mtanzania anaingia Kenya bila viza. Ndege ikiahirishwa, unatoka, unatafuta gesti, unajieleza kwa Kiswahili, unalala. Dubai huwezi kutoka uwanjani bila viza. Ubaya wa Nairobi ni kwamba ndege za Guangzhou si nyingi kama za Addis, hivyo siku zako zikigongana na ratiba unaweza kujikuta unangoja nusu siku.

Na hapo kwenye kungoja kuna kitu cha kuangalia. Kenya na Ethiopia ziko kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Ukirudi Tanzania baada ya kukaa kwenye uwanja wa nchi kama hiyo zaidi ya saa 12, unaweza kudaiwa kadi ya chanjo. Chanjo yenyewe ni ya mara moja kwa maisha. Weka kadi ndani ya pasipoti, usiiache kabatini.

Dubai na Doha ni kwa anayetaka safari igawanyike vizuri. Saa tano na nusu au sita, unashuka, unanyoosha miguu, unaswali, unakula, kisha saa saba au nane nyingine. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, au miguu inayovimba, vipande viwili vinavyokaribiana vinabebeka kuliko saa moja ikifuatiwa na saa 11. Shangazi ana shinikizo la damu, na tangu daktari wake amwambie asikae muda mrefu bila kuinuka, yeye hupita Ghuba na hasikii la mtu. Namuunga mkono. Akitoka Zanzibar anakokwenda kuwatazama wazee, kuna ndege ya Doha pale pale kisiwani.

Dubai ina swali lake la pembeni, na nawauliza wote wenye mtaji mdogo: una hakika unahitaji kufika Guangzhou? Dragon Mart, soko kubwa la bidhaa za China lililofunguliwa Dubai mwaka 2004, liko chini ya nusu ya njia. Bei ya kipande kimoja kule ni ya juu kuliko kiwandani, hilo halina ubishi. Lakini ukijumlisha tiketi, viza, hoteli na siku ambazo duka limefungwa, mwenye mzigo wa mabegi machache anaweza kukuta Dubai imemlipa zaidi. Na kama mzigo wako ni vitu vidogo vidogo, mapambo, vifaa vya shule, vinyago vya watoto, huenda soko lako ni Yiwu, ambalo liko karibu kilomita 950 kutoka Guangzhou. Hapo linganisha na tiketi za Shanghai au Hangzhou, usinunue ya Guangzhou kwa mazoea.

Tukirudi nyuma, yaani safari ya kurudi. Kwenye tiketi tafuta sehemu ya mizigo. Ukiona 2PC, maana yake ni mabegi mawili, na kwa kawaida kila moja kilo 23, urefu na upana na kina vikijumlishwa visizidi sentimeta 158. Hapo kilo 30 kwenye begi moja na 16 kwenye lingine haikubaliki hivi hivi, ingawa jumla ni ile ile. Ukiona 30K, ni kilo 30 kwa jumla, ugawe utakavyo. Tiketi mbili zinaweza kupishana dola chache huku moja ikikupa kilo 16 zaidi. Gawa tofauti ya bei kwa tofauti ya kilo, kisha linganisha na anachotoza wakala wako wa mizigo kwa kilo moja ya ndege kutoka Guangzhou hadi Dar. Mimi hiyo ndiyo hesabu ninayoianza, kabla hata ya kuangalia saa za kuruka. Mzigo mzito na usio na haraka uache uende na meli kwa CBM, yaani kwa mita za ujazo. Begi lako mkononi ni la sampuli na bidhaa ambazo wateja wamekwisha kuzilipia.

Wauza vifaa vya simu wasikilize hapa: pawabanki haziingii kwenye begi la chini, hata moja. Zinabebwa mkononi, na kikomo cha kawaida ni nguvu ya wati-saa 100 kwa kila moja. Ya mAh 20,000 ina kama wati-saa 74, hivyo inapita, lakini ni kwa matumizi yako, si katoni ya dukani. Nimeona mabegi yakifunguliwa mbele ya foleni nzima pale Baiyun kwa sababu hiyo.

Kuna kosa moja nililofanya mwenyewe, na sitaki mtu alirudie. Niliunganisha tiketi mbili za mashirika tofauti, kila moja na namba yake, kwa sababu kwa pamoja zilikuwa rahisi. Ndege ya kwanza ikachelewa saa mbili. Ile ya pili haikunijua wala haikunidai, ikaondoka. Begi langu likawa upande wa nje wa uhamiaji, nami sina viza ya kutoka kulifuata. Nilikaa saa 19 kwenye uwanja ule, nikalipa tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo, na akiba yote niliyodhani nimeipata ikaenda mara tatu yake. Ukinunua safari yenye kuunganisha, iwe tiketi moja, namba moja, begi lipewe lebo ya mwisho wa safari. Ikichelewa, ni mzigo wao kukupeleka.

Kalenda nayo inabadili majibu. Maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara yanayofanyika tangu 1957, hujaza Guangzhou kuanzia katikati ya Aprili na tena katikati ya Oktoba, kwa awamu tatu. Mashine na vifaa vya umeme huwa awamu ya kwanza, vya nyumbani ya pili, nguo na viatu na mabegi ya tatu. Kipindi hicho tiketi na hoteli hupanda, na njia yenye ndege nyingi kwa siku, yaani Addis na Ghuba, hukupa nafasi zaidi ya kubahatisha bei. Mwaka mpya wa Kichina, Januari au Februari, usiende kabisa. Hata tiketi ikiwa nusu bei, utakuta viwanda vimefungwa na wafanyakazi wamerudi vijijini.

Basi kwa safari ya shangazi ya mwezi ujao nimemwambia hivi. Moja kwa moja ingemfikisha asubuhi, lakini siku zake hazikuangukia ratiba, na saa 11 bila kushuka daktari hazipendi. Addis ingemtua mchana. Ghuba inamwongezea kama saa mbili na nusu za angani, ila kuna ndege inayomfikisha Baiyun kabla ya saa nne asubuhi, kungoja ni saa tatu, tiketi ni moja, na kurudi ana 2PC. Atatoka Baiyun kwa treni ya chini, laini namba 3, abadilishe Zhujiang New Town kwenda laini namba 5, ashuke Xiaobei ambako hoteli yake iko. Kilichobaki ni yeye kunitumia picha ya pasipoti, maana ya zamani imebakiza miezi minne na ubalozi hautaipokea.